Mbwa Anapotoka Majimaji Chuchuni: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Kaya nyingi za Bujora, Kisesa na maeneo mengine ya Wilaya ya Magu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba na mifugo. Mbwa huyo hulala nje, hula mabaki ya chakula, na mara nyingi hukumbukwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tu. Mwenye mbwa anapoona majimaji, damu au usaha vikitoka kifuani au kwenye chuchu za mnyama wake, jambo la kwanza linalomjia akilini huwa ni kwenda katika duka la dawa za mifugo na kuomba sindano.

Tumchukulie mama mmoja wa Bujora aliyefika dukani asubuhi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbwa wangu amevimba chuchu, inatoa usaha. Nipe ile dawa ya kiwele tuliyomtilia ng’ombe mwaka jana.”

Kijana anatoa vibomba viwili vya dawa ya kiwele na chupa ya sindano ya antibayotiki. Mama analipa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza kama mbwa amezaa, ana umri gani, wala kama tatizo liko kwenye chuchu moja au zote. Mfano huu tumeutunga, lakini ununuzi wa namna hii unaweza kutokea popote penye ng’ombe wengi na madaktari wa mifugo wachache. Makala hii inaeleza kwa nini ununuzi huo unaweza kupoteza fedha, kumtesa mnyama, na wakati mwingine kuficha ugonjwa unaoua.

Mbwa si ng’ombe mdogo

Wafugaji wa Usukumani wanaufahamu vizuri ugonjwa wa kiwele cha ng’ombe. Ujuzi huo ni hazina, lakini haumhusu mbwa moja kwa moja.

Ng’ombe ana chuchu nne, na kila chuchu ina tundu moja la kutolea maziwa. Ndiyo maana dawa ya kiwele hutengenezwa katika kibomba chenye ncha inayoingizwa katika tundu hilo. Mbwa jike kwa kawaida ana chuchu 8 hadi 10, zilizopangwa katika mistari miwili kuanzia kifuani hadi karibu na mapaja. Hivyo basi, mtu anaposema mbwa wake “anatoka maji kifuani”, mara nyingi anazungumzia chuchu za mbele. Kila chuchu ya mbwa haina tundu moja bali vitundu vidogo vingi, ambavyo macho huviona kwa shida. Ncha ya kibomba cha ng’ombe haiwezi kuingia humo bila kujeruhi. Anayelazimisha huchana ngozi laini na kuwafungulia mlango vijidudu vipya.

Tofauti nyingine ni ya mwili mzima. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya mnyama wa kilo 250 haigawanywi kwa kukadiria kwa macho ili itoshe mbwa wa kilo 15. Aidha, zipo dawa ambazo ng’ombe huzistahimili lakini humdhuru mbwa au watoto wake wanaonyonya.

Majimaji yasiyo ya ugonjwa

Si kila kinachotoka chuchuni ni dalili ya ugonjwa. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Katika siku za mwisho, tezi za maziwa huvimba na maziwa huweza kuanza kutoka. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa huwa mazito na ya rangi ya manjano. Watoto wa mbwa huyahitaji mno, kwa sababu hubeba kinga kutoka kwa mama yao. Mwenye mbwa asiyelijua hili anaweza kudhani kuwa ni usaha, akawazuia watoto kunyonya na kuwapoteza bila sababu.

Lipo pia jambo linaloitwa mimba ya uongo. Wiki 6 hadi 12 hivi baada ya kipindi cha joto, mbwa ambaye hakupata mimba anaweza kuwa na mwenendo wa mbwa aliyezaa. Huchimba au kutandika mahali pa kuzalia, hulinda kiatu au kitambaa kana kwamba ni mtoto wake, na chuchu zake hutoa maziwa au majimaji mepesi. Chanzo ni mabadiliko ya homoni: ile inayotunza mimba hushuka, na ile inayochochea maziwa hupanda. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe baada ya wiki mbili au tatu.

Katika hali hiyo hakuna dawa ya kununua dukani. Jambo muhimu ni kutokamua. Kila unapokamua, unauambia mwili kwamba yupo mtoto anayenyonya, na mwili hutengeneza maziwa zaidi. Vilevile mzuie mbwa asijilambe chuchu mara kwa mara. Hali hii ikiendelea zaidi ya wiki tatu, ikijirudia kila baada ya joto, au chuchu zikiwa za moto na zenye maumivu, muone daktari wa mifugo.

Maziwa yaliyokwama na uambukizo wa tezi

Watoto wa mbwa wanapokufa ghafla, au wanapogawiwa watu wote siku moja, maziwa hubaki ndani bila mnyonyaji. Tezi huwa ngumu na zenye joto. Mbwa hukosa raha, ingawa anaweza kuendelea kula. Hali hii huzuilika kwa kuwaachisha watoto kunyonya hatua kwa hatua, na kwa kutowatoa wote kwa pamoja.

Maziwa yaliyokwama huweza kufungua njia ya uambukizo wa tezi, ambao ndio ugonjwa wa kiwele kwa upande wa mbwa. Bakteria huingia kupitia vitundu vya chuchu, kupitia michubuko inayosababishwa na kucha na meno ya watoto, au kutoka katika malazi machafu. Hutokea zaidi katika wiki za kunyonyesha. Dalili zake ni hizi: tezi moja au zaidi huwa nyekundu au zambarau, huwa ya moto na kuuma inapoguswa. Maziwa hubadilika yakawa ya manjano iliyokolea, ya kijani, yenye mabonge, damu au usaha. Mbwa huweza kupata homa, kukataa chakula na kuwafukuza watoto wake. Watoto nao hulia mara kwa mara na hawaongezeki uzito.

Ugonjwa huu hutibika, na mara nyingi kwa antibayotiki, lakini dawa hiyo ni ya kuchaguliwa na daktari. Mbwa anayenyonyesha hupitisha sehemu ya dawa katika maziwa. Oksitetrasaiklini, iliyozoeleka sana katika mabanda ya ng’ombe, ni ya jamii ya dawa zinazoweza kuathiri meno na mifupa ya watoto wanaokua. Daktari atachagua dawa iliyo salama zaidi kwao, na ataamua kama waendelee kunyonya au walishwe kwa njia nyingine.

Tezi ikianza kuwa nyeusi, ikipoa au kupasuka, hiyo ni dharura. Ina maana kwamba nyama inakufa. Usisubiri kesho.

Uvimbe na saratani

Hapa ndipo ununuzi wa haraka hugharimu zaidi. Uvimbe wa tezi za maziwa ni miongoni mwa uvimbe unaowapata zaidi mbwa majike ambao hawajafungwa uzazi, hasa wanapofikisha umri wa miaka saba na kuendelea. Takriban nusu ya uvimbe huo huwa ni saratani. Mara nyingi huanza kama punje ndogo ngumu chini ya ngozi, karibu na chuchu za nyuma. Haiumi, na mbwa anaendelea kubweka na kula kama kawaida. Baadaye chuchu hutoa majimaji ya rangi ya udongo au damu, au ngozi hupasuka na kuwa kidonda kisichopona.

Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba ipo aina ya saratani ya tezi inayofanana kabisa na uambukizo: tezi huvimba, huwa nyekundu, za moto na zenye maumivu. Anayeitibu kwa sindano za antibayotiki hupoteza wiki kadhaa huku ugonjwa ukienea, mara nyingi hadi kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kanuni hii: mbwa ambaye hanyonyeshi, hana mimba na hakupita katika joto hivi karibuni, lakini chuchu zake zinatoa damu au usaha, asianzishiwe dawa yoyote kabla ya kupimwa na daktari.

Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, upasuaji huweza kumaliza tatizo. Ukiachwa ukawa mkubwa kama embe, nafasi hiyo hupungua. Kinga iliyopo ni kumfunga uzazi mbwa jike akiwa bado kijana. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1969 ulionesha kwamba mbwa waliofungwa uzazi kabla ya joto la kwanza walikuwa na hatari ndogo sana ya kupata uvimbe huu, isiyofikia asilimia 1 ya ile ya mbwa ambao hawakufungwa. Baadhi ya wataalamu wamehoji ukubwa wa tofauti hiyo, lakini ushauri wa kumfunga mapema mbwa asiyekusudiwa kuzalishwa bado unatolewa na madaktari wengi.

Mbwa dume pia ana chuchu. Zikivimba au kutoa majimaji, moja ya sababu zinazojulikana ni uvimbe katika korodani unaotoa homoni za kike. Naye apelekwe kwa daktari.

Majimaji yanayotoka kwenye ngozi

Wakati mwingine chuchu haina kosa lolote. Jipu lililotokana na kung’atwa na mbwa mwingine, jeraha la seng’enge au kidonda cha kupe huweza kuwa karibu na chuchu, usaha wake ukaonekana kana kwamba unatoka humo.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya tropiki yupo pia nzi ambaye mabuu yake huingia katika ngozi ya mbwa, hasa tumboni na kifuani anapolala kwenye udongo au mchanga. Huonekana kama jipu dogo lenye tundu katikati, linalotoa majimaji mepesi. Ukitazama kwa makini unaweza kuona kitu kikitikisika ndani ya tundu hilo. Usimkamue funza huyo kwa nguvu, kwani akipasukia ndani ya ngozi huleta uvimbe na usaha zaidi. Mhudumu wa mifugo anajua namna ya kumtoa akiwa mzima.

Tunaonya vikali dhidi ya kummwagia mbwa dawa ya kuogeshea ng’ombe ili “kuua wadudu wa kidonda”. Mbwa hujilamba, na watoto hunyonya palepale ilipomwagwa. Sumu ya kupe inayoingia kwa njia hiyo huweza kuua mama na watoto kwa pamoja.

Nini cha kufanya nyumbani kwanza

Kabla ya kutoa fedha, chunguza na uandike majibu ya maswali haya:

1. Mbwa ana umri gani, na alikuwa kwenye joto lini mara ya mwisho?
2. Je, amezaa? Lini? Watoto wangapi wako hai?
3. Ni chuchu moja, chache au zote?
4. Majimaji yana rangi gani, na yana harufu? Gusisha kitambaa cheupe kisafi chuchuni bila kukamua, ili rangi ionekane vizuri. Kitunze umwoneshe daktari, au piga picha kwa simu.
5. Kuna punje au uvimbe mgumu? Tangu lini?
6. Mbwa anakula, anatembea, ana kikohozi?
7. Ni dawa gani amekwisha kupewa, na na nani?

Mwangalie mbwa ukiwa na mtu anayemzoea, na umfunge mdomo kwa kitambaa laini endapo anaumwa. Mnyama mpole kabisa huweza kung’ata akiguswa penye maumivu. Aking’ata mtu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza.

Safisha eneo kwa maji ya uvuguvugu, badilisha matandiko na umpe maji safi ya kunywa. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli nayo isitolewe bila maelekezo ya daktari.

Usisubiri endapo mbwa anayenyonyesha anatetemeka, anakakamaa au anaanguka. Endapo chuchu imekuwa nyeusi. Endapo amekataa chakula na ana homa. Au endapo watoto wameanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Haki na wajibu wako unaponunua huduma

Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, anayetoa huduma ya udaktari wa mifugo nchini anapaswa kutambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Una haki ya kumwomba akuoneshe usajili wake. Mtaalamu wa kweli hakasirishwi na ombi hilo. Kwa mkazi wa Bujora, mahali rahisi pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kata, ambaye ataeleza kama tatizo linamalizika hapo au linahitaji daktari, pengine Mwanza mjini, umbali wa takriban kilomita 20. Daktari akihitaji vipimo zaidi, anaweza kupeleka sampuli maabara. Uliza gharama ya kila hatua kabla haijafanyika.

Dawa za mifugo nazo husajiliwa na kudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Unaponunua, hakikisha kwamba:

• Dawa imeandikwa na daktari, na jina lililo kwenye cheti linalingana na lililo kwenye kasha.
• Kasha halijafunguliwa, na lina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
• Lebo inamtaja mbwa miongoni mwa wanyama wanaotibiwa kwa dawa hiyo, au daktari ameeleza kwa nini ameichagua.
• Umeelezwa kipimo kwa uzito wa mbwa wako, saa za kumpa na idadi ya siku.
• Umepewa risiti. Bila risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Usinunue sindano iliyokwisha kuvutwa kutoka katika chupa usiyoiona, wala dawa ya mchuuzi anayepita siku ya mnada na kutojulikana alipo kesho yake.

Lipo jambo linalotuhusu sote, hata asiyefuga mbwa. Antibayotiki inayotumika ovyo huwazoesha vijidudu dawa hiyo, na vijidudu havitofautishi banda na nyumba. Serikali ilitoa Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa miaka ya 2017 hadi 2022, uliojumuisha afya ya binadamu na ya wanyama kwa pamoja. Dozi iliyokatizwa katikati kwa sababu mbwa “ameonekana amepona” inaweza kurudi kama maradhi yasiyosikia dawa kwa mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Turudi dukani

Tumrudie mama yetu wa Bujora, safari hii mbele ya muuzaji anayeijua kazi yake.

“Mama, huyo mbwa amezaa lini?”

“Hajazaa mwaka wa pili huu, mwanangu. Ni mzee. Tulimpata mtoto wangu wa mwisho akiwa hajaanza shule, na sasa yuko sekondari.”

“Na uvimbe ulianza lini?”

“Kapunje kalikuwepo tangu mavuno. Usaha ndio wa juzi.”

“Basi, mama, hapa sina dawa ya kukuuzia. Nenda kwa afisa mifugo leo, umweleze kama ulivyonieleza mimi.”

Maswali mawili, na mama ameondoka na fedha yake mfukoni. Mbwa wake naye bado ana nafasi ya kupasuliwa mapema. Muuzaji wa namna hiyo ndiye wa kurudi kwake. Na pale muuzaji asipouliza, mteja na aanze yeye kusema: mbwa wangu ana umri huu, alizaa tarehe hii, tatizo lilianza siku hii. Akijibiwa kwa chupa bila kuulizwa neno, airudishe chupa hiyo kaunta na aende kwa daktari.